Injini Iliyopakwa Unga

Kamyoneti ilikuwa imekwisha kuacha nyuma Kavimvira, mwisho wa mji wa Uvira, na Léocadie alikuwa bado anafunga vizuri kitenge chake kiunoni, maana siku ya soko la juu, milimani, mtu hapati nafasi ya kuvaa akatosheka. Nyuma kulikuwa na chumvi, sabuni, na ndagala, dagaa wa ziwani, wakavu, waliofungwa katika magunia. Mbele walikuwa wawili tu: yeye, mwenye mali, na Twagirayezu, dereva wa mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Twagira. Huyu alikuwa mtu wa milima ya juu, wa watu wenye ng'ombe. Lakini alikuwa amekaa katika chumba cha uani nyumbani kwa Léocadie, huko Rugenge, tangu Providence, binti wa Léocadie na mumewe, alipokuwa akijifunza kutembea kwa kushika vidole vya dereva huyu.

Pale tambarare inapoisha na mlima unapoanza, Twagira alisimamisha gari. Alifungua kapo, kifuniko cha injini, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya tena.

"Imejaa," alisema. "Angalia, mama. Utakuwa shahidi yangu."

"Shahidi wa nini? Minye najua nini mu moteri?"

"Angalia tu."

Léocadie akaangalia. Mafuta yalifika kwenye alama. Wakapanda, wakauza walichouza, wakajaza magunia ya maharagi na viazi mpaka kioo cha nyuma kikaziba. Wakati wa kushuka Léocadie alilala, kama alivyolala kila safari. Mwanamke aliyesimama juani tangu asubuhi akibishana bei hahitaji mto. Kichwa kinajitafutia pa kuegemea. Na Twagira alishusha gari polepole, akiwa ndani ya vitesi, zile gia za chini, bila kuamini breki za zamani, kama mtu anayebeba mayai.

Alipoamka, gari lilikuwa limesimama tambarare na kapo imefunguliwa tena. Safari hii kijiti kilitoka kikavu, ncha tu ndiyo ilikuwa na unyevu.

"Mama, iko napotea."

"Inamwagika?"

Wakainama wote wawili. Vumbi lilikuwa kavu. Tumbo la injini lilikuwa na uchafu wake wa zamani, lakini hapakuwa na tone jipya.

"Sasa inaenda wapi?" Léocadie akauliza.

"Njo ile najiuliza kila siku. Tukienda Kalundu, haipunguke. Tukizunguka mu mji, haipunguke. Tukipanda huku tu." Akamtazama. "Weye uliona nilisimama fasi yoyote mu njia?"

"Nililala."

Twagira akaenda mlangoni mwa gari. Alivuta sakosi, mfuko wake wa safari, nyuma ya kiti, akatoa chupa ya mafuta ya injini, akamimina.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Nilinunua."

"Na feza ya nani?"

"Yangu, mama. Patron akikuta imepunguka kila mara, atafikiri mabaya. Usimwambie kwanza. Nitapata tu fasi inatokea."

Léocadie akasema hatamwambia. Aliona ni neno dogo, la kumsaidia mtu.

Lakini mshahara wa dereva hauwezi kunywesha injini ya mwingine siku zote. Ikafika safari ambayo chupa haikuwapo. Kesho yake asubuhi Gaspard, mume wa Léocadie, alitoka uani na mswaki mdomoni, akafungua kapo mwenyewe. Alikuwa karani wa bandari zamani, na ukarani haukumtoka: kila kitu nyumbani mwake alikipima, sukari, makaa, hata maji ya kuogea.

"Twagira. Kuya hapa."

Twagira akaja, viatu mkononi.

"Hii ni nini?"

"Mafuta imepunguka, patron."

"Naona imepunguka, niko na macho. Minye nauliza imeenda wapi. Mafuta haina miguu."

"Patron, njo ile nilitaka kukuambia."

"Ulitaka kuniambia leo, juu nimekuta. Jana haukutaka. Juzi haukutaka." Akatema povu la mswaki karibu na miguu ya dereva. "Hii gari inalisha bantu wote mu hii nyumba, na weye ndani. Na kuko muntu anaikamua sawa ng'ombe."

Neno ng'ombe halikutoka kinywani mwake kwa bahati mbaya. Léocadie, aliyekuwa akiosha sufuria mlangoni, alilisikia na akainamisha kichwa kwenye sufuria.

"Tuipeleke kwa Bienvenu," Twagira akasema. "Aioshe, aipake unga. Kama kuko fasi inatokea, unga itaonyesha."

"Na kama unga haitaonyesha?"

"Itaonyesha, patron."

"Nauliza, na kama haitaonyesha?"

"Patron, mafuta haiwezi kupotea hivi hivi. Itaonyesha tu."

Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Alijifunga kamba mwenyewe, kwa sababu alijua hakuiba, na mtu asiyeiba hudhani kila kipimo kipo upande wake.

Gereji ya Bienvenu ilikuwa Nyamianda, mabati manne juu ya miti, na chini ardhi nyeusi iliyolewa mafuta ya magari ya miaka yote. Desturi ya mafundi wa hapo ni hii: injini inaoshwa kwa essence, yaani petroli, na sabuni mpaka ing'ae, inakaushwa, halafu inanyunyiziwa unga wa muhogo kila upande. Gari linatembezwa. Likirudi, mahali panapovuja unga umelowa na kuwa donge jeusi. Hapahitaji mashine wala shule.

Léocadie ndiye aliyeleta unga, ameutwanga na kuuchunga mwenyewe. Wanawake wa kuuza bitumbula, vitumbua vya moto, pembeni mwa gereji wakamwona na beseni kichwani.

"Mama Providence, leo unapikia gari bugali?"

"Na mboga iko wapi? Au gari yenu inakulaka kavu?"

"Inakunywa tu," mwingine akajibu. "Tunasikia inakunywa sana."

Wakacheka. Kumbe habari zilikuwa zimekwisha kutangulia. Gaspard alikuwa amezungumza mahali, na Gaspard hakujua kuzungumza na mtu mmoja.

Bienvenu alipaka unga kwa mkono mwepesi, akiongea wakati wote. Alipomaliza, injini ilikuwa nyeupe kama kichwa cha mzee. Twagira akasema, "Sasa tupande nayo mulima. Kule njo inapotelea."

"Kupanda mulima bila muzigo?" Gaspard akauliza. "Essence atalipa nani, weye? Twende Kalundu, turudi."

"Patron, Kalundu haipunguke."

"Unaona? Tayari anachagua njia."

Bienvenu alikohoa. "Hata minye ningependa mulima," alisema, lakini alisema chini chini, maana mwenye gari ndiye anayelipa. Wakaenda Kalundu, bandarini, njia ya tambarare tupu. Wakafika mpaka kwenye boti zinazopakua mihogo, wakageuza, wakarudi. Walipofika watu walikuwa wameongezeka kwenye gereji, kama watu wanaongoja hukumu kwa chef d'avenue, mkuu wa mtaa. Bienvenu akafungua kapo.

Unga ulikuwa mweupe vile vile. Kila pembe, kila bulu ya kufungia, mweupe. Akachomoa kijiti: mafuta yalikuwa kwenye alama.

"Unga iko safi," alisema. "Moteri haitoe mafuta fasi yoyote."

"Kwa hiyo?" Gaspard akauliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Minye naongea juu ya gari. Bantu si kazi yangu."

Watu wakacheka tena, na kicheko hicho kilikuwa na mlango. Kijana mmoja akaingia humo. "Tukiwa nayo hapa, mafuta inabakia. Ikienda kule juu, inapotea. Basi iko nabakia kwa babo, bale bantu yake ba juu."

Gaspard hakusema ndiyo. Alitabasamu tu, akamwangalia Twagira. Na tabasamu lile lilienda mbali kuliko ndiyo.

Twagira alimpa kijana mgongo. Alimgeukia Léocadie, aliyekuwa bado na beseni tupu mikononi. "Mama, weye tunaendaka pamoja. Uwaambie. Nilishasimama fasi nikitoa mafuta?"

Watu wote wakamwangalia. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lilikuwa ubaya wake.

"Minye," akasema, "tukishuka ninalalaka."

"Unaona?" Gaspard akasema. "Anangoja bibi alale."

Na kicheko cha tatu kilikuwa cha aina nyingine kabisa. Léocadie alipita katikati ya watu na beseni lake, masikio yakiwaka.

Kuanzia hapo maneno yalitembea bila breki. Wiki ilipoanza yalikuwa mafuta ya injini. Katikati yakawa madumu ya essence. Kufikia Jumapili, baada ya ibada, mwanamke wa kwaya alimwuliza Léocadie kama ni kweli dereva wao alikuwa anapeleka "vitu" juu. Hakusema vitu gani. Miaka hii ya bunduki milimani, Uvira mtu halazimiki kusema.

Halafu vijana wa mtaa wakaja kwenye lango. Waliketi juu ya jiwe, wakiwa na heshima zote.

"Shikamoo, baba. Tunauliza tu. Yule muntu yenu bado analala hapa?"

"Kuko nini?" Gaspard akauliza.

"Hakuna kitu. Tunataka tu kujua saa gani anatokaka."

Gaspard alirudi ndani, akaiacha chai yake ipoe. Alikuwa ametaka kumtisha dereva, apate kumpunguzia mshahara, yaishe. Hakuwa ametaka hili. Lakini kutoka nje na kusema, "Nilikosea, huyu mtu sina ushahidi juu yake," hilo nalo hakulitaka. Akaenda kwa chef d'avenue. Chef akasema kuwa ni vizuri yule bwana aende, kwa usalama wake. Gaspard akalipenda neno hilo, usalama, akalirudia mpaka nyumbani.

Alipoambiwa aende, Twagira aliosha gari kabla ya kutoa funguo. Aliliosha hata ndani, akatoa mchanga chini ya mikeka. Kisha akatoka chumbani na sakosi yake, asubuhi, jua limekwisha kupanda, watu wakipita njiani kwenda kuchota maji.

"Fungua," Gaspard akasema langoni.

"Patron?"

"Ni kwa uzuri wako. Bantu wanaangalia. Waone unatoka mikono safi."

Vijana walikuwa palepale kwenye jiwe lao. Twagira akaweka sakosi chini, akafungua. Mashati mawili. Biblia ya Kinyarwanda. Gauni dogo jipya, la mtoto wake wa kule juu. Na chupa ya mafuta ya injini, nusu.

Kijana mmoja alitoa mluzi mfupi.

"Hii ni ya kununua," Twagira akasema. "Ni yangu. Nilinunua minye, nikuwe naongeza mu gari."

"Dereva ananunulia patron mafuta," Gaspard akasema. "Wapi umeshaona ile? Mu inchi gani?"

"Mama anajua."

Gaspard akageuka. Hapo ndipo Léocadie alipoelewa kuwa mlango wa nyumba yake umekuwa mwembamba sana, na hautoshi watu wawili kupita pamoja. Nyuma ya mume wake, aliwaona vijana wakinyoosha shingo. Mmoja wao alikuwa mtoto wa jirani. Léocadie alikuwa amemlea kwa uji wake.

"Ulikuwa unajua kama anatembea na mafuta mu sakosi?" Gaspard akauliza. Swali lilikuwa la mume, lakini macho yake yalimwomba akane. Yalimwogopa pia. "Jibu, Mama Providence. Ulijua?"

"Sijui kitu," Léocadie akasema.

Twagira alimwangalia. Halafu akainama, akakunja gauni la mtoto, akalirudisha kwenye sakosi. Chupa aliiacha chini. Akaenda upande wa barabara ya mpakani, wala hakukimbia, na vijana wakamfuata kwa mbali mpaka wakachoka.

Dereva mpya alikuwa Merdi, mtoto wa dada yake Gaspard, kijana wa miwani ya jua na vyeti vya kuendesha visivyojulikana vilipatikana wapi. Safari ya kwanza ya kupanda, Léocadie alifungua mlango wa mbele akakuta rafiki wa Merdi amekaa kwenye kiti chake, miguu juu.

"Tantine, utatusamehe," Merdi akamwambia mke wa mjomba wake. "Huyu iko na ugonjwa ya mgongo. Nyuma kuko hewa muzuri."

Mwenye mali akapanda nyuma, juu ya magunia, kama kuku wa kuuzwa. Wakati wa kupanda alikula vumbi. Wakati wa kurudi alikaa juu ya maharagi yake mwenyewe, akishika kamba kwa mikono miwili, na hakulala, kwa sababu huko nyuma anayelala anaanguka. Merdi, ambaye mdomo wake ulikuwa hodari kuliko roho yake, aliziogopa breki. Alishuka ndani ya vitesi, taratibu, kama alivyoshuka Twagira.

Mlima ukaisha. Barabara ikanyooka. Merdi akakanyaga pedali ya essence.

Na kutoka kwenye bomba la moshi, chini ya miguu ya Léocadie, ukatoka moshi wa bluu, mzito, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua kwenye kikaango. Ukafunika barabara nyuma yao. Mwendesha baiskeli mmoja akapotea ndani yake, akatokea akikohoa na kutukana. Baada ya muda moshi ukapungua, ukawa mwembamba, ukaisha, kana kwamba haukuwapo.

Léocadie alipiga bati la kichwa cha gari kwa ngumi mpaka Merdi akasimama.

"Kuko nini, tantine? Umeanguka?"

"Toa kile kijiti."

"Kijiti gani?"

"Cha mafuta, weye mutoto. Toa."

Kilikuwa kikavu. Merdi akaanza kuapa kwa Mungu na kwa mama yake kuwa hajagusa. Akamwita rafiki yake ashuhudie. Alikuwa anatoka jasho.

"Nyamaza," Léocadie akasema. "Hakuna muntu alikuuliza."

Hakumpitisha nyumbani. Alimwamuru aende Nyamianda moja kwa moja, magunia yakiwa juu. Bienvenu alisikiliza habari ya moshi, akaitikia kwa kichwa, bila hata kufungua kapo.

"Ni vile vipira vya supapu, vya kuzuia mafuta isiingie fasi essence inaungulia. Vimezeeka. Gari ikishuka na vitesi, mguu hauko ku essence, moteri inavuta pumzi kwa nguvu. Inavuta na mafuta, inakuwa naiunguza. Ukikanyaga, inatapika moshi. Ni ugonjwa wa gari za zamani, wala si kubwa."

"Ulikuwa unaijua?"

"Nani haijue?"

"Na siku ile ulisema moteri iko safi."

"Mama, munisikie vizuri." Akafuta mikono, kidole kwa kidole. "Mulinipa kazi ya kutafuta fasi inamwagika. Haimwagike. Hakuna mwenye aliniomba nitafute fasi inaungulia. Na nilisema mulima. Baba Providence akasema Kalundu."

"Uliisema chini chini."

"Niliisema sawa muntu anataka kulipwa." Akamwangalia kidogo, akaongeza, kama mtu anayetoa pole: "Ubaya ni kwamba yule alikuwa anaendesha vizuri. Angekuwa wa ovyo, anaachilia gari itelemke bila vitesi, haingekunywa mafuta vile."

Alivibadilisha vile vipira. Kazi haikumaliza siku.

Gaspard alisikia habari yote akiwa anakula. Hakuacha kula. Alipochovya tonge la mwisho, akasema, "Basi, gari imepona. Tumushukuru Mungu."

"Na bantu utawaambia nini?"

"Nani ameuliza?"

"Minye nauliza."

"Niende mu barabara niseme nini? Nilifukuza muntu juu ya vipira? Wale vijana watasema nimekula feza ya babo, na kesho wanaketi ku lango yangu wakitafuta minye." Akanawa. "Na ile chupa? Ile chupa haikutoka mu supapu."

"Alinunua na feza yake. Niliona akiimimina. Aliniambia nisikuambie."

Gaspard alibaki na maji yakimdondoka vidoleni. Léocadie alingoja kofi, au kelele, angeshukuru chochote.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Na siku ile ku mulango ulisema nini?"

"Nilisema sijui kitu."

"Basi," Gaspard akasema, akitafuta kitambaa cha kujifutia. "Endelea vile vile."

Kamyoneti ilifanya kazi vizuri mwaka mzima, halafu ikauzwa kwa mfanyabiashara wa Baraka. Merdi alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na simu yake haipatikani. Bienvenu ameongeza mabati mengine mawili. Chumba cha uani kimepangishwa kwa mwalimu asiyeongea. Gaspard amechaguliwa kuwa mshauri wa chef d'avenue. Watu wakigombana, humwita asuluhishe. Kijana aliyepiga mluzi alioa, na Léocadie akapika kwenye harusi. Providence aliulizia Twagira kwa muda, kisha akaacha.

Twagirayezu alivuka mpaka, akapata nafasi katika kambi upande wa Burundi. Mke wake alimfuata na watoto, isipokuwa mmoja, aliyefia njiani kwa homa. Anabeba mizigo kwa baiskeli.

Léocadie bado anapanda soko la juu, kwa gari la kukodi. Wanawake wa huko, waliokuwa wakimwita dada, wanamuuzia kama wanavyomuuzia mtu yeyote. Mmoja wao alimpa namba ya Twagira bila kuombwa. Léocadie alipiga mara moja. Twagira aliuliza kama watu wa nyumbani ni wazima, akamwambia ni wazima. Aliuliza kama gari lilipona, akamwambia lilipona. Hakumwambia ugonjwa ulikuwa nini, na Twagira hakuuliza.